Gari la Redio, Muhogo na Mkanda wa Skuta

Siku moja katika darasa la kisomo la kijiji kimoja cha wilaya ya Muheza, mzee mmoja alikuja na gari dogo la kuchezea ndani ya kikapu. Gari hilo mjukuu wake aliletewa na mjomba wake anayefanya kazi Muscat, huko Omani. Halivutwi kwa kamba wala halisukumwi kwa mkono. Mtoto anashika kisanduku chenye antena na vijiti viwili. Akisukuma kijiti, gari linakwenda. Akikivuta, linarudi.

Mzee hakuja kujigamba. Alikuja na swali.

"Mwalimu, gari hili nimelitilia betri mpya jana. Barazani linakimbia kama panya. Lakini likifika kwenye kifusi cha mchanga linaguna, kisha linasimama. Sasa mjukuu analia, anasema babu ametia betri mbovu. Hebu tuambie, kosa ni la betri au ni la gari?"

Somo letu siku hiyo lilikuwa kuandika barua. Barua tukaiweka kando.

Katika darasa hilo hilo walikuwamo akina mama wa kikundi cha kuuza machungwa. Kwa miaka 2 walikuwa wakiweka akiba ili wanunue pikipiki ya kuteremshia mizigo barabarani. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amewaonyesha skuta, akawaambia: "Hii haina gia wala klachi. Ni kuvuta mafuta tu, hata bibi anaiendesha." Bei yake ilikuwa nzuri. Akina mama wakawa hawajui waamini au wasiamini. Na sisi hatukujua bado kwamba swali la mzee na swali la akina mama ni swali moja.

Tuanze na gari la mzee. Kile kisanduku cha mtoto kinatuma mawimbi ya redio, kama vile kituo cha redio kinavyotuma habari na nyimbo. Tofauti ni kwamba mawimbi haya ni dhaifu, na badala ya wimbo yanabeba amri: nenda, rudi, kata kulia, kata kushoto. Ndani ya gari kuna kipokezi kinachosikia amri na kuifungulia mota umeme. Kazi hii si mpya. Mwaka 1898 mtaalamu Nikola Tesla aliwaonyesha watu mjini New York, Marekani, mashua ndogo inayoendeshwa kwa mawimbi ya redio. Wengine walifikiri ni uchawi.

Basi redio ya gari lile ilikuwa nzima, na betri pia. Tukaazima bisibisi kwa fundi cherehani, tukafungua skrubu 4 za chini. Ndani tukakuta mota ndogo ya ukubwa wa kidole gumba. Kwenye ncha yake kuna gurudumu dogo la meno. Tulihesabu meno 8. Gurudumu hilo linazungusha jingine kubwa lenye meno 40, na lile kubwa limeshikana na ekseli ya magurudumu ya nyuma.

Fanyeni hesabu pamoja nasi. 40 ukigawa kwa 8 unapata 5. Maana yake mota lazima izunguke mara 5 ili gurudumu la nyuma lizunguke mara 1. Mota ndogo kama hii, isipokuwa na mzigo, huweza kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika moja, lakini nguvu yake ya kusukuma ni ndogo. Ukiipunguzia mwendo kwa meno, unaiongezea nguvu. Ukitaka mwendo zaidi, nguvu inapungua. Hupewi vyote viwili kwa pamoja.

Jambo hili mnalijua kwa miguu yenu, ila pengine hamjalipa jina. Chukueni baiskeli ya kawaida. Tuseme mbele, penye pedeli, kuna meno 48 na nyuma kuna meno 20. Ukikanyaga mzunguko mmoja, gurudumu la nyuma linazunguka mara 2 na karibu nusu. Ndiyo maana kwenye barabara ya tambarare unakwenda mbio bila kukanyaga mno. Lakini ukipakia magunia mawili ya mkaa ukaanza kupanda kilima, unashuka na kusukuma. Miguu yako haijawa dhaifu ghafla, bali meno ya baiskeli yalichaguliwa kwa ajili ya tambarare.

Na gari la mzee ni hivyo hivyo. Waliolitengeneza walichagua meno ya barazani, si meno ya kifusi cha mchanga. Kosa si la betri. Mzee akacheka, akasema, "Basi nitamwambia mjukuu anidai radhi." Tukamsahihisha kwamba mwenye kuombwa radhi ni babu. Darasa zima likacheka.

Sasa pikipiki za bodaboda zimepata dawa ya tatizo hili. Ndani ya injini kuna magurudumu ya meno ya namna mbalimbali, na dereva anachagua kwa mguu: gia namba 1 ya kuondokea na kupandia mlima, halafu 2, 3, 4, na nyingine zina 5. Tukafananisha na ngazi. Kila gia ni kidato kimoja. Hakuna mahali pa kukanyaga kati ya kidato na kidato. Mara nyingi namba 2 inakuwa nyepesi mno, injini inalia, na namba 3 inakuwa nzito mno, injini inakohoa. Dereva anapanda na kushuka vidato, mguu haupumziki.

Injini ya petroli ni kama mtu anayelima. Ana mwendo wake. Ukimharakisha anachoka upesi, ukimchelewesha anapoteza siku. Injini nayo ina kiasi cha kuzunguka inachokipenda, ambapo nguvu inatosha na mafuta hayapotei bure. Ingekuwa vizuri kama injini ingebaki kwenye kiasi hicho, kisha kitu kingine kati yake na gurudumu kibadilike kidogo kidogo kufuata mlima. Yaani badala ya ngazi tupate mteremko laini.

Kitu hicho kipo, na hapa ndipo tulipoomba muhogo.

Tulichonga vipande viwili vya muhogo mbichi, kila kimoja kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, kama karoti. Tukavitoboa katikati na kuvitia kwenye vijiti viwili, kimoja hapa na kingine pale, vikiwa sambamba. Lakini tulivigeuza: palipo na unene wa hiki, pawe na wembamba wa kile. Tukakata ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, tukauvisha juu ya vyote viwili. Ukizungusha muhogo wa kwanza kwa mkono, wa pili unazunguka.

Mkanda ukiwa upande ambapo muhogo wa kwanza ni mwembamba na wa pili ni mnene, unazungusha mara nyingi ili wa pili uzunguke mara moja. Hiyo ni gia ya mlima. Usogeze mkanda kwenda upande wa pili polepole, bila kuacha kuzungusha. Muhogo wa pili unaanza kuongeza mwendo. Hakuna mahali unapogutuka, wala namba 1 au namba 2. Kati ya mwanzo na mwisho kuna gia zisizohesabika.

Mwanafunzi mmoja, ambaye ni fundi wa mashine ya kusaga, aliona kasoro kabla yetu. "Mwalimu, mkanda huu hautatulia. Mkanda siku zote unapanda kwenye unene." Ni kweli. Mkanda bapa ukiwa juu ya kitu chenye mshazari hujivuta kuelekea upande mnene, na kwa kuwa mihogo yetu ilielekeana kinyume, mkanda ulivutwa huku na huku mpaka ukapinda. Tulilazimika kuushika kwa uma wa kijiti. Mtu aliyekaa na mikanda miaka 20 ana elimu ambayo chuo cha ualimu hakikutupa.

Wenye kutengeneza skuta wametatua jambo hilo kwa njia nyingine. Chukua visosa viwili, uvigusanishe migongo. Utaona kati yao kuna mfereji, mpana juu na mwembamba ndani. Hiyo ndiyo puli ya skuta. Mkanda wake si bapa. Umechongwa mshazari pande zote mbili ili ukae ndani ya mfereji huo. Sasa visosa vikisogeleana, mfereji unakuwa mwembamba, mkanda unasukumwa kupanda juu, karibu na ukingo. Puli imekuwa kubwa. Visosa vikiachana, mkanda unazama ndani. Puli imekuwa ndogo. Kwa hiyo puli ile ile inabadili ukubwa wake huku inazunguka.

Skuta ina puli mbili za namna hiyo, moja kwenye injini na nyingine nyuma karibu na gurudumu. Mkanda haurefuki. Kwa hiyo ukipanda kwenye puli ya mbele lazima uzame kwenye puli ya nyuma. Tuandike namba ubaoni. Wakati wa kuondoka, mkanda uko sentimeta 4 kutoka katikati ya puli ya mbele, na sentimeta 10 kwenye puli ya nyuma. Gawa 10 kwa 4: injini inazunguka mara 2 na nusu, puli ya nyuma mara 1. Skuta ina nguvu. Mwendo unapoongezeka, mkanda unafika 7 mbele na 7 nyuma. Sasa ni mara 1 kwa 1. Ukienda mbio zaidi, unafika 8 mbele na 6 nyuma. Puli ya nyuma sasa inaipita injini. Hizi ni namba za mfano tu. Baada ya hapo yako magurudumu ya meno yanayopunguza mwendo tena kabla ya kufika kwenye gurudumu la barabarani.

Nani anasogeza visosa? Hakuna mtu. Nyuma ya kisosa kimoja cha mbele kuna vipipa vidogo vizito, mara nyingi 6. Zungusha ndoo ya maji kwa mkono juu ya kichwa chako: maji hayamwagiki, yanang'ang'ania chini ya ndoo, kwa sababu kitu kinachozungushwa hutaka kukimbilia nje. Vipipa navyo injini ikienda kasi vinakimbilia nje, na vikikimbia vinasukuma kisosa. Nyuma kuna springi inayorudisha mkanda mwendo ukipungua. Klachi nayo iko humo humo, inajishika yenyewe injini ikiongeza kasi na kujiachia ikipunguza. Kwa hiyo yule mfanyabiashara alisema uongo nusu. Gia ipo na klachi ipo. Kisichokuwapo ni kazi ya dereva.

Tusichanganye hapa. Zile Vespa za zamani, ambazo wengi mmeziona Tanga mjini na Unguja, zina gia za namba zinazobadilishwa kwa mpini wa kushoto. Umbo ni la skuta, lakini ndani hamna mkanda huu.

Aliyefanya gia ya mkanda ijulikane kwenye magari ni Mholanzi, Hub van Doorne, wa kampuni ya DAF. Mwaka 1958 kampuni hiyo ilionyesha mjini Amsterdam gari dogo lenye mikanda miwili ya mpira. Kwa kuwa gia ilikuwa ni mkanda tu, gari lile liliweza kurudi nyuma kwa mbio sawa na za kwenda mbele. Waholanzi wakaanzisha hata mashindano ya kukimbiza magari hayo kinyumenyume! Tulipoeleza habari hii darasani hakuna aliyetaka kurudi kwenye barua.

Mzee akauliza: je, magari ya kuchezea hayawezi kutiwa mkanda kama huu? Yanaweza. Wako watu Ulaya na Marekani wanaopenda magari ya redio hata wakiwa watu wazima, na baadhi yao hujitengenezea puli za visosa na mikanda midogo. Lakini ni wachache, na sababu yao ni nzuri. Mota ya umeme si kama injini ya petroli. Injini ya petroli ikikaribia kusimama haina nguvu, inazimika. Mota ya umeme inasukuma kwa nguvu zake zote hata pale inapoanza kuzunguka. Kwa hiyo mwenye gari la redio hahitaji sana gia zinazobadilika. Akitaka kupanda mlima anavua lile gurudumu la meno la mota na kutia jingine lenye meno machache zaidi. Tena mkanda ukisuguana na puli unapoteza nguvu kuliko meno kwa meno, na betri ya gari dogo haina nguvu ya kupoteza.

Hapo ndipo akina mama wa machungwa walipotega masikio. Mkanda unasuguana. Ukisuguana unapata joto. Na barabara yao inapanda.

Ni lazima tuungame jambo. Wakati mmoja sisi wenyewe tuliazima skuta ya mkanda kupeleka vitabu Amani. Usiku wa kuamkia safari tulifungua kifuniko cha pembeni, tukaona mkanda mkavu. Tuliuonea huruma. Cheni ya baiskeli ikikauka hutiwa mafuta, sivyo? Tukaupaka grisi vizuri kabisa. Kesho yake, mlima ulipoanza, injini ikawa inanguruma na skuta imesimama. Tuliisukuma na sanduku la vitabu juu, watoto wa shule wakitupita. Mkanda unafanya kazi kwa kushika. Ukiupaka mafuta umeuambia uachie. Usitie mafuta wala grisi kwenye mkanda, hata tone. Maji nayo ni adui: wakati wa masika ukivuka dimbwi lililopita kifuniko, mkanda utateleza mpaka ukauke.

Mkanda pia unakwisha. Skuta nyingi hutakiwa kubadilishwa mkanda kati ya kilometa 10,000 na 25,000, kufuatana na aina, na kitabu chake kimeandika. Mmejifunza kusoma, basi someni kitabu hicho, msingoje mkanda ukatike porini. Cheni ikikatika fundi wa kijijini anaiunga. Mkanda wa mpira haungwi.

Na kuna hatari ya kuteremka, ambayo ni kubwa kuliko ya kupanda. Pikipiki ya gia ukiiweka namba 2 kwenye mteremko, injini inaizuia. Skuta nayo inazuia kidogo, lakini mwendo ukipungua sana klachi inajiachia, na hapo hakuna kinachokushika ila breki. Breki zikishikwa muda mrefu zinapata moto na kuchoka. Ukiteremka kutoka Amani, au kutoka Lushoto kwenda Mombo, ukiwa na mzigo, usingoje zichoke. Simama upumzishe breki.

Wenye magari ya mitumba kutoka Japani nao wasikilize. Magari mengi ya siku hizi yanayoitwa otomatiki yana gia ya mkanda, lakini mkanda wao ni wa vipande vidogo vya chuma, mamia kwa mamia, vilivyopangwa kwenye pete za chuma. Subaru walianza kuuza gari dogo la Justy lenye mkanda wa namna hii mwaka 1987. Wenyewe umo ndani ya mafuta, lakini ni mafuta yake maalumu yanayouacha ushike. Fundi akitia mafuta ya otomatiki ya kawaida, mkanda unateleza na kukwaruza puli, na giaboksi inakufa. Kwa hiyo kabla fundi hajamimina, mwombe kopo usome mwenyewe, ulinganishe na kitabu cha gari. Usione haya. Gari ukilisikia linaongeza mwendo na sauti ya injini haibadiliki, usidhani ni ugonjwa. Ndivyo gia hii inavyosikika.

Akina mama walituuliza tuwaamulie. Tulikataa kuamua fedha zisizo zetu, lakini tulisema tunavyofikiri: kwa fundi cherehani wa mjini au muuza maandazi wa Ngamiani, skuta ni chombo kizuri sana, na mwanamke mwenye kanga hapati tabu nayo. Kwa magunia ya machungwa kwenye barabara ya mlima, hapana. Wao hawakutosheka na maneno. Walimwomba mfanyabiashara waijaribu, wakapakia magunia mawili, wakampa kijana mmoja aiendeshe kilimani kwenda na kurudi mara 3. Mara ya tatu ilirudi na harufu ya mpira unaoungua. Mweka hazina akainama, akanusa, akafunga daftari lake. Mwezi uliofuata walinunua pikipiki ya cheni na gia za namba, na wawili kati yao wanajifunza kuiendesha.

Mjukuu wa mzee hakununuliwa kitu. Babu yake alikata magurudumu madogo kutoka kwenye ndara kuukuu, akayavisha badala ya yale makubwa, kwa sababu gurudumu dogo nalo linapunguza mwendo na kuongeza nguvu, kama kuongeza meno. Gari sasa linapanda kifusi cha mchanga mpaka juu. Lakini barazani linakwenda kama kobe, na mtoto ameanza kulia upya.